Jina la Kosa na Maelezo ya Kosa: Uhakiki wa Kiswahili cha Makosa ya Utulivu na Maadili ya Umma kwa Mifano ya Igurwa, Karagwe

1.0 Utangulizi

Mtu anaposhtakiwa katika Mahakama ya Mwanzo kwa kumtukana jirani yake, hati ya mashtaka huandikwa kwa maneno machache: kutumia lugha ya matusi, kinyume na kifungu cha 89(1)(a) cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Maneno hayo yamezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeyasoma mara mbili. Lakini msomaji akiyaweka kando ya kifungu chenyewe ataona kuwa nusu ya kosa haimo. Kifungu hakimwadhibu mtu kwa sababu ametukana. Kinamwadhibu anayemtolea mwenzake lugha chafu, ya kukashifu au ya kudhalilisha kwa namna inayoelekea kusababisha uvunjifu wa amani, na kifungo chake kinaweza kufika miezi sita. Sehemu ya pili ya sentensi hiyo ndiyo inayolifanya neno lililotamkwa kuwa jinai. Bila sehemu hiyo tunabaki na utovu wa adabu, jambo baya lenye watu wake wa kulishughulikia, lakini si hakimu wala askari magereza.

Makala hii inadai kuwa katika makosa ya utulivu na maadili ya umma, majina ya Kiswahili ambayo makosa hayo yamepewa yamekuja kuchukua nafasi ya maelezo yake. Matusi, fujo, uvunjifu wa amani, uzururaji na ukiukaji wa maadili ni majina mafupi yanayofahamika na kila mtu, na ufupi huo ndio unaoyapa nguvu ya kumtia mtu hatiani kabla sheria haijasomwa. Hoja hii imekuwa na uzito zaidi tangu Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini. Wengi wetu katika idara za Kiswahili tuliipokea sheria hiyo kwa shangwe. Shangwe ilistahili. Hata hivyo, Kiswahili kilikuwa lugha ya Mahakama za Mwanzo miaka mingi kabla ya 2021, na mazoea yaliyojengeka huko hayajahakikiwa vya kutosha na sisi tunaojiita wataalamu wa lugha.

Mifano mingi ninayoitumia nimeisikia katika kata ya Igurwa, Wilaya ya Karagwe, na katika vijiji vya jirani, vikiwamo vya Kyerwa, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Karagwe. Ni nchi ya migomba na kahawa. Watu huzaliwa katika Kinyambo na kukutana na Kiswahili shuleni, gulioni, kanisani au msikitini, na katika ofisi ya mtendaji. Mtu wa Igurwa hugombana kwa Kinyambo na kushtakiwa kwa Kiswahili, kwa kosa lililotungwa kwa Kiingereza. Kila anapovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine kuna kitu kinachodondoka njiani, na kinachodondoka mara nyingi ni kile ambacho kingemwokoa.

2.0 Sheria ilikotoka

Kanuni ya Adhabu ilitungwa mwaka 1930, wakati wa utawala wa Waingereza, kuchukua nafasi ya Kanuni ya Adhabu ya India iliyokuwa ikitumika Tanganyika. Mfano wake ulitoka mbali: kanuni iliyoandikwa na Sir Samuel Griffith kwa ajili ya Queensland, Australia, mwishoni mwa karne ya 19, ikapitia Nigeria na makoloni mengine hadi kufika Afrika Mashariki. Vifungu vyake kuhusu watu wavivu na wasio na utaratibu, na kuhusu walaghai na wazururaji, vina asili ya zamani zaidi, yaani Sheria ya Uzururaji ya Uingereza ya mwaka 1824, iliyotungwa nchi hiyo ilipokuwa imejaa askari waliorudi vitani na maskini waliohama mashambani.

Nayataja haya kwa ufupi tu kwa sababu historia hii imeandikwa vizuri na wanasheria. Linalonihusu ni kwamba mtunzi wa asili alikuwa na hadhira yake akilini, na hadhira hiyo haikuwa ya Karagwe. Neno la Kiingereza lililotafsiriwa kuwa uzururaji lilikuwa na sura ya mtu fulani: mtu wa barabarani asiye na parokia wala bwana. Sura hiyo haikuwahi kuwapo katika kijiji cha migomba, ambako hata mlevi wa kijiji ana shamba, ana ukoo, na anajulikana alikolala jana.

3.0 Matusi

Siku moja niliketi nyuma ya chumba cha mahakama moja ya mwanzo katika wilaya hizi mbili. Mlalamikaji alikuwa mama wa makamo, mshtakiwa jirani yake. Walikuwa wamekorofishana kwenye kisima. Hakimu alimuuliza mlalamikaji alitukanwa nini. Akajibu kuwa alitukanwa matusi ya nguoni, na kwamba hawezi kuyarudia mbele ya wazee. Wazee wa baraza wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mama huyo alikuwa ameonyesha malezi mema. Hakimu naye hakuendelea kuuliza. Mshtakiwa alipopewa nafasi alisema sentensi moja: “Sikumtukana, nilimwambia tu.” Hakuna aliyemuuliza alimwambia nini. Alitiwa hatiani, akatozwa faini, shauri likaitwa linalofuata.

Kwa mhakiki wa lugha, shauri hilo ni la ajabu. Kosa zima lilikuwa maneno, na maneno hayo hayakutamkwa hata mara moja ndani ya chumba. Adabu ya Kiswahili, ambayo tunaisifu kwa haki, ilikuwa imeuficha ushahidi. Msemo matusi ya nguoni ni tasfida nzuri: unamwezesha mtu kueleza aina ya alichosikia bila kukirudia. Lakini tasfida ni hukumu tayari. Anayesema ametukanwa matusi ya nguoni haripoti maneno, anayaweka katika daraja. Akishayaweka, msikilizaji hana tena la kupima. Mtu hawezi kujitetea dhidi ya neno lisilotajwa.

Nadharia ya Vitendo-Uneni ya J. L. Austin (1962), iliyoendelezwa na Searle (1969), inatusaidia kuona hasa kilichopotea. Austin alitofautisha kitendo cha kutamka maneno yenye maana, kitendo kinachofanyika kwa kutamka (ilokusheni) na athari inayotokea kwa msikilizaji (pelokusheni). Kutukana ni ilokusheni. Kumfanya mtu ashike jembe ni pelokusheni. Kifungu cha 89(1)(a) kinataka vyote viwili: maneno yenye hadhi ya tusi, na mazingira yanayoonyesha kuwa athari ya ugomvi ilikuwa karibu. Si lazima ugomvi utokee, lakini ni lazima iwepo sababu ya kuutarajia. Jina lutumia lugha ya matusi linaishia kwenye ilokusheni. Mahakama inayoongozwa na jina hilo itauliza kama alitukana, na ikijibiwa ndiyo, itakuwa imemaliza kazi.

Jamii zetu, kwa upande wake, hazijawahi kuichanganya mizani hii miwili. Utani ni ushahidi ulio wazi. Mhehe na Mngoni wanaweza kuambiana msibani maneno ambayo, yakiandikwa kwenye hati ya mashtaka, yangejaza ukurasa wa matusi. Waliofiwa hucheka katikati ya machozi. Babu wa Kinyambo humwambia mjukuu wake wa kike kuwa ni mke wake na kwamba mume aliyempata ni mbaya wa sura. Hakuna anayesimama kwa hasira. Katika Kinyambo kitenzi okujuma humaanisha kutukana, na watu niliozungumza nao walisisitiza kuwa maneno yale yale yakisemwa na mtu mwenye haki ya kuyasema hayaitwi hivyo. Kwao, tusi halimo ndani ya neno. Limo katika nani amemwambia nani, wapi, na mbele ya nani. Kwa maneno mengine, mwanakijiji wa Igurwa yuko karibu zaidi na matini ya kifungu cha 89 kuliko hati ya mashtaka inayomshtaki.

Inaweza kupingwa kwamba kila kosa lina jina fupi na hakuna anayelalamika. Wizi ni neno moja, lakini hakimu hamfungi mtu kwa neno hilo. Anauliza nani alichukua nini, cha nani, kwa nia gani. Pingamizi hili lina nguvu, na kwa muda lilinifanya nitilie shaka hoja yangu. Jibu ninaloliona ni kwamba neno wizi katika Kiswahili cha kila siku limebeba ndani yake vipengele vya kosa. Hakuna anayesema fulani ameiba akiwa na maana kwamba amechukua kilicho chake. Jina na maelezo vinaelekea upande mmoja. Matusi hayako hivyo. Mtu anaweza kutukana akiwa peke yake shambani, akamtukana mbuzi, akamtukana rafiki wakicheka, na bado neno la Kiswahili likawa sahihi. Uvunjifu wa amani haumo katika maana ya neno, kwa hiyo usipotajwa haukumbukwi.

Sisemi kwamba sheria hii haina kazi. Aliyeishi vijijini anajua kuwa panga hutanguliwa na maneno. Kwenye kilabu cha rubisi jioni, neno moja kuhusu mama wa mtu linaweza kumaliza urafiki wa miaka 20 na kumpeleka mmoja hospitali. Mtunzi aliyeunganisha tusi na amani alikuwa na busara. Malalamiko yangu ni kwamba busara hiyo imebaki kwenye kitabu.

4.0 Amani

Hata pale ambapo hati ya mashtaka inaitaja sehemu ya pili, tatizo jingine hujitokeza: uvunjifu wa amani ni nini? Katika sheria ya Kiingereza, ambamo dhana hii ilizaliwa, mahakama zimejitahidi kuibana. Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1981, katika shauri la Howell, ililihusisha neno hilo na madhara kwa mwili wa mtu au kwa mali yake mbele ya macho yake, au hofu ya madhara ya namna hiyo. Kelele peke yake haitoshi, wala chuki. Dhana hiyo ni finyu na inashikika.

Amani ya Kiswahili, na hasa ya Kiswahili cha Tanzania, ni pana kama anga. Ni salamu, ni dua, ni sifa ya taifa. Tumelelewa tukiambiwa kuwa nchi yetu ni kisiwa cha amani, na neno hilo limebeba umoja, utulivu, utii, kutokuwa na maneno mengi, hata kutodai kwa sauti. Anayeambiwa kuwa amevunja amani ya kifungu cha 89 anasikia, na wazee wa baraza wanasikia, kwamba ameigusa ile amani kubwa. Hapo ndipo mama aliyepiga kelele kwenye kisima anapoonekana kama tishio kwa kitu kitakatifu, ilhali swali la kisheria lilikuwa dogo na la kawaida: je, kulikuwa na sababu ya kutazamia kwamba mtu angepigwa?

Upanuzi huu una madhara zaidi katika kosa la mkusanyiko usio halali. Kifungu cha 74 kinahitaji watu watatu au zaidi waliokusanyika kwa nia ya kutenda kosa, au ambao, wakiwa na lengo la pamoja, wanatenda kwa namna inayowafanya watu wa jirani wahofu, kwa sababu za msingi, kuwa amani itavunjwa. Maneno kwa sababu za msingi ni uzio. Neno amani likishakuwa na maana ya ukimya wa kijiji, uzio huo unabomoka, na wakulima watano waliosimama nje ya ghala kuuliza malipo ya kahawa yao wanaweza kuitwa mkusanyiko. Nimelisikia neno hilo likitumiwa hivyo na mgambo, kwa sauti ya mtu asiyeona tatizo lolote. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akitumia Kiswahili alichofundishwa.

Wafasiri wanaoendelea kuziweka sheria zetu katika Kiswahili wanapaswa kulifikiria neno hili upya. Pendekezo langu ni kwamba katika vifungu hivi tusiliache peke yake. Kusababisha kupigana au hofu ya kupigana ni kirai kirefu na hakina uzuri wa kifasihi, lakini hakimu na mshtakiwa wote watakielewa kwa namna moja.

5.0 Uzururaji

Nilianza utafiti nikiamini kuwa kosa la uzururaji lingekuwa mfano bora wa hoja yangu. Neno zurura lina maana ya kutembea ovyo bila kusudi. Kifungu cha 176 na cha 177 vinaorodhesha watu wa aina mbalimbali kwa masharti yao. Nilitarajia kuonyesha kuwa jina ni pana na sheria ni finyu, kama ilivyo kwa matusi. Matini ilinikatalia.

Tuisome. Kifungu cha 176 kinawataja, miongoni mwa wengine, ombaomba wa mahali pa hadhara, anayefanya tendo la aibu hadharani bila sababu halali, mtu mwenye nguvu zake asiyejishughulisha na kazi ya uzalishaji na asiye na njia inayoonekana ya kujikimu, na hata mwajiriwa anayekutwa, bila sababu halali, akijishughulisha na mambo yake binafsi wakati alipotakiwa kuwa kazini. Hayo mawili ya mwisho hayatoki London ya 1824. Yana harufu ya mwaka 1983, mwaka wa Sheria ya Nguvu Kazi, serikali ilipokuwa ikiwaondoa mijini watu iliowaita kupe na kuwapeleka kuzalisha. Kifungu cha 177 kinamfikia mtu anayeshukiwa au mwenye sifa ya wizi, asiye na njia inayoonekana ya kujikimu na asiyeweza kujieleza vizuri. Na anayekutwa akirandaranda karibu na majengo au barabarani kwa wakati na katika mazingira yanayofanya ihitimishwe kuwa yupo hapo kwa kusudi lisilo halali.

Ni kitendo gani kinachoadhibiwa hapa? Mhakiki akitafuta kitenzi atakipata kwa shida. Kinachoadhibiwa ni kuwa: kuwa bila kazi, kuwa na sifa fulani, kuwa mahali, kushindwa kusimulia habari zako kwa namna inayomridhisha anayekuuliza. Kiingereza cha zamani kilifunika jambo hili kwa istilahi nzito zenye sauti ya kale. Kiswahili kilipoliita uzururaji, kililifunua. Anayesema fulani amekamatwa kwa kuzurura ameieleza sheria kwa ukweli kuliko inavyojieleza yenyewe. Katika mfano huu jina halijaimeza sheria, limeisaliti. Hakuna tafsiri itakayoiponya, kwa sababu ubovu haumo katika tafsiri.

Ubovu wenyewe unaonekana vizuri zaidi Igurwa kuliko Dar es Salaam. Mkulima wa kahawa na migomba huamka kabla ya jua, hufanya kazi kubwa ya siku asubuhi, na mchana hukaa. Kijana atakayekutwa saa nane barabarani, ameegemea pikipiki isiyo yake, ana mikono iliyokauka udongo wa alfajiri. Kwa jicho la mtu wa ofisini, huyo hana kazi ya uzalishaji. Kijana mmoja alinisimulia jinsi alivyokamatwa na wenzake wakati wa msako, katika kata ambayo sitaitaja, akiwa anasubiri usafiri wa kwenda Kayanga kabla ya mapambazuko. Aliulizwa anafanya kazi gani, akajibu kuwa analima. Aliulizwa shamba liko wapi saa hizo. Alilala ndani usiku mmoja, akatoka bila kufikishwa popote. Swali lililomuumiza zaidi, alisema, ni la shamba kuwa wapi, kwa sababu lilikuwa pale pale lilipokuwa siku zote na yeye hakujua namna ya kulijibu.

Kushindwa kujieleza vizuri ni kipengele cha kosa la kifungu cha 177. Wanaisimu tunapaswa kushtuka. Sheria imegeuza umahiri wa masimulizi kuwa kinga ya jinai, na imefanya hivyo katika nchi ambamo mamilioni hujieleza mbele ya dola kwa lugha yao ya pili. Katika wilaya zinazopakana na Rwanda na Uganda uzito huongezeka, maana lafudhi nayo huhesabiwa. Wakati wa Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, iliyoendeshwa Kagera, Geita na Kigoma dhidi ya wahamiaji wasio na vibali, swali la wewe ni nani na unakwenda wapi lilikuwa na matokeo makubwa kuliko faini. Mnyambo na jirani yake wa ng'ambo wanaelewana bila mkalimani. Ni kazi ngumu kuthibitisha uraia kwa kufungua mdomo.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji za namna hii haziendani na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zenye sheria hizo zinawajibika kuzirekebisha au kuzifuta. Kabla ya hapo, Januari 2017, Mahakama Kuu ya Malawi ilikuwa imekibatilisha kifungu chao cha mtu kukutwa mahali katika mazingira ya kutiliwa shaka, katika shauri la Mayeso Gwanda, mchuuzi aliyekamatwa alfajiri akienda kuuza mifuko ya plastiki. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilifanya vivyo hivyo kwa aya mbili za kifungu cha 168, ambazo maneno yake yanafanana karibu neno kwa neno na ya kifungu chetu cha 177, kwa kuwa zilitoka katika mfano mmoja wa kikoloni. Hivyo mtu wa Kyerwa akivuka daraja la Murongo kuingia Kikagati anaweza kusimama barabarani usiku bila kosa hilo, akirudi, analo. Katiba yetu nayo, katika ibara ya 17, inampa raia uhuru wa kwenda atakako katika Jamhuri ya Muungano, na haikuweka sharti kwamba lazima awe anakwenda kufanya kazi.

6.0 Maadili

Kuhusu maadili nitasema machache, kwa kuwa neno hili halina hata maelezo ya kumezwa. Matusi yana kifungu, uzururaji una orodha. Kinyume na maadili ni kauli inayozunguka kwenye mikutano, kwenye matangazo na kwenye vinywa vya viongozi, ikitia kivuli cha jinai juu ya mambo ambayo sheria haijayataja. Historia yake ni ndefu. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ikaanza rasmi Januari 1969, dhidi ya sketi fupi, wigi, suruali za kubana na vipodozi vya kung'arisha ngozi, na wasichana wa Dar es Salaam walisumbuliwa barabarani kwa mavazi waliyokuwa wameyanunua dukani kihalali. Riwaya ya Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), ilizuiwa shuleni kwa madai ya aina hiyo hiyo, kisha ikaja kuwa kitabu cha kufundishia. Riwaya haikubadilishwa, kilichobadilika ni wasomaji wenye mamlaka. Neno ambalo maana yake inategemea nani ameshika ofisi linafaa katika hotuba na katika malezi. Katika hati ya mashtaka halifai kabisa, na ninaona ni afadhali wafasiri wa sheria waseme tendo la aibu hadharani, kama kifungu cha 176 kinavyotaka, kuliko kulikaribisha neno maadili ndani ya jinai kwa sababu tu linapendeza masikioni.

7.0 Kuliandika neno

Narudi kwenye shauri la kisima. Mchana, baada ya mahakama kuahirishwa, nilimkuta mmoja wa wazee wa baraza akila ndizi kivulini, nikamwamkia na kumuuliza kama alijua ni matusi gani ya nguoni yaliyosemwa. Alicheka. Kijiji kizima kilijua. Mshtakiwa alikuwa amemwambia mwenzake, kwa Kinyambo, kwamba watoto wake ni wazuri, isipokuwa hawafanani na baba yao.

Hapakuwa na neno la nguoni hata moja. Kila neno katika sentensi hiyo lingeweza kutamkwa kanisani. Ukali wake wote ulikuwa katika kilichodokezwa, mbele ya wanawake wengine waliopanga foleni ya maji, kuhusu mtu ambaye mumewe alikuwa safarini Bukoba. Ni tusi kubwa, pengine kubwa kuliko yale yanayohusu viungo vya mwili, na nina hakika kuwa lingeweza kuleta mapigano. Yaani inawezekana kabisa kwamba mshtakiwa alikuwa na hatia ya kosa lililomo katika kifungu cha 89. Lakini alitiwa hatiani kwa kosa jingine, la kutamka maneno machafu, ambalo hakulitenda. Ndiyo maana alisema hakutukana, alimwambia tu.

Karani, aliyekuwa amejiunga nasi, aliniuliza mimi msomi ningeliandikaje kwa Kiswahili. Tulijaribu. Mara ya kwanza tuliandika kuwa alimtuhumu kwa uzinzi. Mzee akakataa, akasema hakutuhumu, alisifia watoto. Mara ya pili tuliandika maneno ya udhalilishaji. Karani mwenyewe akayafuta, akasema hayo ni matusi ya nguoni yaliyovaa suti. Mara ya tatu tuliandika hivi, nyuma ya karatasi ya orodha ya mashauri: kwamba siku hiyo, kisimani, mbele ya watu sita, mshtakiwa alimwambia mlalamikaji kuwa watoto wake hawafanani na baba yao, akiwa na maana kwamba amewazaa nje ya ndoa, na kwamba mlalamikaji aliweka ndoo chini, akamfuata, ikabidi ashikwe. Mzee aliomba asomewe tena. Kisha akasema kuwa kama ingeandikwa hivyo, yeye angeuliza ni nani aliyemshika.